Uchambuzi wa kisa: Dhahabu ya Tokyo na ugomvi wa jina la mashindano

Kisa hiki, cha kichwa cha habari kilichokosea kuhusu dhahabu ya marathoni ya Mtanzania Alphonce Simbu, Tokyo 2025, kimetoka kwenye chombo kimoja kinachoandika habari za michezo kwa Kiswahili mtandaoni. Jina la chombo, mji kilipo na majina ya wafanyakazi nimeyaondoa, na vyeo nimevitaja kwa ujumla. Wanariadha, mashindano na miaka ni vya kumbukumbu ya umma, kwa hiyo hivyo nimevitaja waziwazi. Niliombwa kuzipitia nakala zote za habari husika, kuanzia rasimu ya kwanza hadi masahihisho, na kuzungumza na waliokuwa zamu usiku ule. Ninakiandika kwa ajili ya waandishi na wahariri wanaobishania majina ya mashindano mpaka saa za kazi zinawaishia.

## Usuli

Dawati lenyewe ni dogo: mhariri wa michezo, mhariri msanifu anayesafisha lugha na kuweka vichwa vya habari, waandishi wachache, na kijana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Kinacholisha dawati ni kandanda. Riadha hupata nafasi pale Mtanzania au Mkenya anaposhinda, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeifuatilia mwaka mzima.

Taarifa za riadha ziliwafikia kwa Kiingereza, zikiwa na majina yanayobadilika. Mashindano yaliyoanza Helsinki 1983 yalijulikana kwa miaka mingi kama "World Championships in Athletics". Shirikisho la dunia lilipobadili jina lake 2019, yakawa "World Athletics Championships". Mwandishi mvivu wa shirika la habari huandika "Worlds" tu, mambo yakaisha. Waandishi wa dawati walitafsiri kila mtu kwa namna yake. Siku moja msanifu alifungua habari ya aya kumi hivi akakuta mashindano yaleyale yanaitwa "Mashindano ya Dunia ya Riadha" kwenye kichwa, "Riadha Duniani" chini ya picha, na "Ubingwa wa Dunia" kwenye maelezo. Msomaji asiyejua angedhani ni matukio matatu tofauti.

Akaamua kuandaa mwongozo wa ukurasa mmoja. Wazo zuri, na lilikuwa limechelewa. Mashindano ya Tokyo, yaliyopangwa Septemba 2025, yalikuwa yamekaribia.

## Ubishi wa "s"

Mwongozo ulikwama kwenye mstari wa kwanza. Mwandishi mmoja alikuwa ameandika jina la Kiingereza kwenye picha ya matangazo kama "Championship", bila "s" ya mwisho. Msanifu akamrudishia. Hoja yake ilikuwa sahihi: kwa Kiingereza tukio lile hutajwa kwa wingi kwa sababu ndani yake mna mataji mengi, la mita 100, la marathoni, la kuruka chini, na kila fani ina bingwa wake. Mwandishi akajibu kwamba tukio ni moja, linafanyika mji mmoja ndani ya siku tisa, sasa wingi unatoka wapi?

Hapo ubishi ungeisha kwa kuangalia jina rasmi. Haukuisha, kwa sababu ulihamia kwenye Kiswahili. Kama Kiingereza kinasisitiza wingi, je, "mashindano" inatosha kuubeba wingi huo, au tuseme "mashindano ya mabingwa"? Na kama tukio lina taji moja tu, tuandike "shindano"? Kijana wa mafunzo akauliza kama basi tuseme "maubingwa". Walicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, maana liliwaonyesha kwamba walikuwa wanaihamishia lugha moja sheria ya lugha nyingine.

Tuliangalie hilo kidogo, maana ndipo penye kiini cha ugomvi. "Mashindano" ni neno la ngeli ya li-ya, na umoja wake "shindano" upo kwenye kamusi. Ila katika matumizi linakaa pamoja na "maandamano", "mazungumzo" na "mapigano": umbo ni la wingi, kinachotajwa ni tukio moja lenye watu wengi ndani yake. Maandamano ya jana yalikuwa moja, na hakuna anayesema "andamano". Tukitaka kuhesabu matukio tunaongeza idadi: "mashindano mawili yajayo". Tukitaka kuhesabu mara ambazo tukio limefanyika, watangazaji wana "makala": Tokyo 2025 ilikuwa makala ya 20 tangu Helsinki. Kwa hiyo ile "ma-" haijibu swali linalojibiwa na "s" ya Kiingereza. Haisemi kuna mataji mangapi. "Shindano" nalo lipo, lakini msomaji akiliona anafikiria shindano la insha au la urembo.

Dawati halikufika huko. Lilitafuta suluhu ya kumaliza ugomvi, na msanifu akaja na neno "ubingwa". Sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, "mashindano" ni neno pana mno. Hata shule ya msingi ina mashindano ya riadha, ilhali jina la Kiingereza limebeba maana ya taji ndani yake. Pili, "ubingwa" hauna wingi, kwa hiyo ungeumaliza ubishi wa umoja na wingi moja kwa moja. Wakakubaliana. Mwongozo ukaandikwa: tukio la kila miaka miwili liitwe "Ubingwa wa Dunia wa Riadha", kwa herufi kubwa.

Kila mtu aliridhika. Suluhu hiyo ndiyo iliyozaa kosa.

## Usiku wa mbio

Marathoni ya wanaume ilikimbiwa asubuhi ya Jumatatu, Septemba 15, 2025. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo mbio zilimalizika kabla hakujapambazuka Afrika Mashariki. Alphonce Simbu alikuwa ametoka kushika nafasi ya pili Boston Aprili mwaka huohuo, na dawati lilikuwa limejiandaa kwa rasimu tatu: akishinda dhahabu, akipata medali nyingine, akikosa.

Akashinda, tena kwa namna ambayo hakuna rasimu ingeibashiri. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na tofauti kati yao ilipimwa kwa mia za sekunde. Muitalia Iliass Aouani alikuwa wa tatu, sekunde tano nyuma. Rasimu ya mwandishi ilikuwa na sentensi hii, iliyoandikwa mchana uliotangulia:

"Simbu ameipa Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha."

Sentensi hiyo ni ya kweli neno kwa neno. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, marathoni ya Helsinki 2005, na shaba ya Simbu mwenyewe, London 2017. Dhahabu haikuwepo.

Msanifu, akiwa nyumbani na simu mkononi, aliifungua rasimu kwa haraka na kuilinganisha na mwongozo. Jina halikuwa lile lililokubaliwa. Akalibadilisha. Kisha, kwa kuwa kichwa cha habari kilikuwa kirefu kwa skrini ya simu, akakipunguza. Kilichokwenda hewani ni hiki:

"Simbu Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha."

Zisome sentensi mbili hizo tena. Ya kwanza inazungumzia medali ya nchi ndani ya mashindano yaliyotajwa. Ya pili inamzungumzia mtu na taji, na mashindano yametoweka. Herufi kubwa nazo zilianguka njiani, maana mtindo wa dawati kwenye vichwa vya habari ni herufi ndogo. Jina maalumu likageuka kuwa maelezo ya kawaida, na dai likapanuka bila mtu yeyote kukusudia kulipanua.

Kichwa hicho kilichapwa juu ya picha kwa ajili ya mitandao ya kijamii, kikasomwa kwa sauti kwenye video fupi, na kikatumwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla watu hawajaamka.

## Simu ya asubuhi

Kabla ya chai, mwalimu mstaafu wa riadha aliyewahi kufundisha ukanda wa kaskazini alimpigia mhariri wa michezo. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuwapongeza kwa kuwahi habari, aliuliza swali moja: "Sasa kijana wangu, na Fabiano mmemweka wapi?" Akataja Edmonton, 2005.

Fabiano Joseph alishinda mbio za wanaume za Mashindano ya Dunia ya Nusu Marathoni, Edmonton, Canada, Oktoba 2005. Ni mashindano ya shirikisho lilelile la dunia, yenye medali zake na bingwa wake. Karibu miaka ishirini kabla ya Tokyo, Mtanzania alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia.

Kilichofuata ni kichekesho kidogo. Mwandishi mmoja aliambiwa ahakikishe, akaingia kwenye kumbukumbu, akatafuta "Edmonton", akaja na jibu kwamba hakuna Mtanzania aliyeshinda dhahabu huko. Alikuwa sahihi kuhusu alichokiona: alikuwa ameangukia mashindano makubwa ya 2001, ambayo nayo yalifanyika Edmonton. Mji mmoja, shirikisho moja, neno "dunia" kwenye majina yote mawili, na miaka minne katikati. Mhariri alitaka kumpigia mwalimu kumwambia amechanganya. Kijana wa mafunzo ndiye aliyeuliza, "Lakini mzee amesema 2001?" Wakarudi kutafuta kwa mwaka, wakamkuta Fabiano.

## Maamuzi, na sababu zake

Kikao cha asubuhi kiligawanyika.

Msanifu alitetea kichwa chake. Mwongozo, alisema, umeufafanua "Ubingwa wa Dunia wa Riadha" kuwa lile tukio kubwa la uwanjani na marathoni yake. Nusu marathoni ina jina lake. Kwa hiyo Simbu ni wa kwanza kwa mujibu wa mwongozo. Hoja hiyo ingesimama kama wasomaji wangekuwa na mwongozo mkononi. Hawakuwa nao, na herufi kubwa haisikiki kwenye video. Mtu wa kawaida akisikia "ubingwa wa dunia wa riadha" anaelewa kuwa bingwa wa dunia katika riadha, kwa fani yoyote.

Mwandishi mmoja alipendekeza wabadilishe kimyakimya. Sentensi ya kwanza ya mwandishi mwenzake ilikuwepo bado kwenye historia ya rasimu. Irudishwe, habari iendelee. Mhariri alikataa kwa sababu ya kivitendo kwanza: picha yenye kichwa kile ilikuwa imesambaa, na msomaji akiona habari imebadilika bila maelezo atajiuliza ni kipi kingine kinabadilishwa gizani. Sababu yake ya pili ndiyo iliyonigusa. Alisema kufuta kimya kungemfuta Fabiano mara ya pili.

Waliamua mambo matatu. Kichwa kikawa "Simbu aipa Tanzania dhahabu ya kwanza Mashindano ya Dunia ya Riadha", na chini ya habari wakaweka maelezo mafupi ya kilichosahihishwa na kwa nini. Picha iliyochapwa kichwa cha zamani iliondolewa ikawekwa mpya, na maelezo yaleyale juu yake. Na mwandishi aliyeandika rasimu ya awali akapewa kazi ya kuandika habari fupi ya pembeni kuhusu mwaka 2005, mwaka ambao Tanzania ilipata fedha Helsinki mwezi Agosti na dhahabu Edmonton mwezi Oktoba.

Ubishi mkali zaidi ulikuwa kwenye video. Kuitoa kulimaanisha kupoteza mazungumzo yote ya pongezi yaliyokuwa chini yake. Waliiacha, wakaweka sahihisho kwenye maoni ya juu. Mimi ningeitoa. Video ndiyo iliyokuwa imebeba kosa kwa sauti, na watazamaji wengi hawashuki kusoma maoni.

## Yaliyofuata

Wasomaji walilipokea sahihisho vizuri kuliko dawati lilivyotarajia. Wapo waliolalamika kwamba chombo kinampunguzia Simbu sherehe yake. Walikuwa wachache, na kwa kweli walikuwa na hoja ya hisia: asubuhi ya furaha si wakati wa kuletewa orodha ya waliotangulia. Wengi walianza kukumbushana majina mengine, Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1500 ya Christchurch 1974, Suleiman Nyambui na Bayi na fedha zao za Moscow 1980, Juma Ikangaa na New York 1989. Kichwa cha zamani kiliendelea kuzunguka kwenye makundi kwa siku kadhaa. Hilo halizuiliki.

Mafanikio ya habari ya pembeni yaliwatia dawati tamaa ya kutengeneza jedwali la medali za Afrika Mashariki kwenye mashindano yote ya dunia ya mbio. Ndipo walipogundua kwamba ugomvi wa "s" ulikuwa sehemu ndogo sana ya tatizo.

Nusu marathoni peke yake iliwatosha. Mashindano yake ya dunia yalianza 1992. Mwaka 2006 yaliitwa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Barabarani, na huko Debrecen, Hungary, umbali ulikuwa kilomita 20, pungufu ya nusu marathoni. Mwaka 2007 jina lilibaki la barabarani, umbali ukarudi kuwa nusu marathoni. Mwaka 2008 jina likarudi la zamani. Kisha 2023, Riga, jina la Mbio za Barabarani likaibuka tena, safari hii kwa sababu ya kueleweka: ziliongezwa mbio za maili moja na kilomita 5. Sasa Zersenay Tadese wa Eritrea, huyohuyo aliyeshinda mbio za nyika za dunia Mombasa Machi 2007, alishinda mfululizo kuanzia 2006 hadi 2009, halafu tena 2012. Je, ni bingwa mara tano wa nusu marathoni? Mataji ni matano bila ubishi. Nusu marathoni alizoshinda humo ni nne. Jedwali lenye safu iliyoandikwa "Nusu Marathoni" linadanganya kwenye mstari mmoja, na lenye safu ya "Barabarani" linaficha umbali.

Mashindano ya vijana nayo yalibadili majina: kilichoitwa "Junior" kikawa chini ya miaka 20, kilichoitwa "Youth" kikawa chini ya miaka 18. Nairobi iliandaa ya chini ya miaka 18 mwaka 2017 na ya chini ya miaka 20 mwaka 2021, na dawati lilikuwa likiyaita yote "mashindano ya dunia ya vijana". "Mashindano ya Afrika" yalikuwa na shida hiyohiyo: kuna Michezo ya Afrika, yenye fani za kila aina, iliyoanza Brazzaville 1965, na kuna mashindano ya riadha ya Afrika yaliyoanza Dakar 1979. Nairobi imeyaandaa yote, ya kwanza mwaka 1987 na ya pili mwaka 2010.

Mwongozo uliandikwa upya. "Ubingwa" uliondolewa kwenye majina ya matukio ukabaki kazi yake ya asili, kutaja taji. Tukio likaitwa "Mashindano ya Dunia ya Riadha", na mengine kwa mfano huo: ya Mbio za Nyika, ya Nusu Marathoni, ya Vijana Chini ya Miaka 20. Kila linapotajwa mara ya kwanza linafuatwa na mji na mwaka. Na dai lolote lenye neno "kwanza" lazima liseme ni la kwanza la nini, ndani ya mashindano gani, hata kichwa kikirefuka.

## Uchambuzi

Ni rahisi kusema dawati lilipoteza muda kwa mambo madogo. Sikubaliani na hukumu hiyo. Jina la mashindano si jambo dogo kwa mwandishi wa michezo, kwa sababu jina ndilo linaloamua ni orodha gani ya washindi tunayoifungua. Tatizo ni kwamba walibishania sehemu ya jina isiyoamua chochote. "Championship" au "Championships" kwenye picha ya matangazo ni suala la kuangalia jina rasmi na kunakili. Halina uhusiano na nani ameshinda nini. Sehemu ya jina iliyokuwa na uzito ilikuwa "ya Riadha" dhidi ya "ya Nusu Marathoni", na hiyo hakuna aliyeigusa kwenye kikao cha mwongozo.

Pia walichagua neno kwa sifa zake za sarufi. "Ubingwa" ulipendwa kwa kuwa hauna wingi, na kwa hiyo unaumaliza mzozo. Lakini neno lisilo na wingi ndilo linalomeza kila kitu. "Ubingwa wa dunia" ni wa Simbu, ni wa Fabiano, ni wa Tadese kule Mombasa. "Mashindano" ni neno pana kama msanifu alivyosema, ila upana wake unalazimisha kiambatisho: msomaji anauliza mashindano gani, na mwandishi analazimika kujibu. "Ubingwa" unasikika umekamilika peke yake, hauulizwi.

Kwa nchi zetu jambo hili lina uzito wa pekee, na hapa nitakaa kidogo. Sehemu kubwa ya ukuu wa wakimbiaji wa Afrika Mashariki ilijengwa kwenye nyika na barabarani, nje ya uwanja. Mchukue Paul Tergat wa Kenya. Alishinda mbio ndefu za nyika za dunia mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999, na nusu marathoni ya dunia 1999 na 2000. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, mita 10,000, alipata shaba moja na fedha mbili. Kwa mwongozo wa kwanza wa dawati, Tergat hakuwahi kuutwaa "Ubingwa wa Dunia wa Riadha". John Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5000 mwaka 1988 na mshindi wa nyika ya dunia mara tano, naye vivyo hivyo. Mwongozo unaomwacha Tergat nje ya mabingwa wa dunia una kasoro, hata kama kila herufi yake ni sahihi. Ningependekeza kila dawati lijaribu kanuni zake kwa majina kama hayo kabla ya kuzipitisha. Ukijua jibu sahihi la Tergat na kanuni inakupa jibu jingine, kanuni irudi mezani.

Lipo jambo ambalo Kiswahili kiliwarahisishia bila wao kuliona. Shirikisho la dunia lilianzishwa 1912 likiwa na neno la "ridhaa" ("Amateur") kwenye jina lake la Kiingereza. 2001 neno hilo likaondolewa huku kifupi cha jina, IAAF, kikibaki kilekile. 2019 likawa World Athletics. Madawati ya Kiingereza hubishana kama ni halali kuandika jina jipya kwa tukio la 2005. "Shirikisho la Riadha la Dunia" linafaa kwa vipindi vyote vitatu. Vilevile "chini ya miaka 20" inaeleza umri, kwa hiyo haijali jina la Kiingereza lilikuwa lipi mwaka huo. Mwongozo mpya ulizitumia nafasi hizo, na ni sehemu yake bora.

Utaratibu wa usiku nao ulikuwa na tundu. Rasimu ilihakikiwa mchana na watu wawili, ikabadilishwa usiku na mtu mmoja aliyedhani anagusa jina tu. Hakuna aliyesoma sentensi mpya kama sentensi mpya. Kufupisha kichwa cha habari ni kuandika upya, na mhariri sasa anataka kichwa chochote chenye "wa kwanza", "pekee" au "mara nyingi zaidi" kipitiwe na jicho la pili hata saa kumi alfajiri. Msanifu anaona sharti hilo linachelewesha. Linachelewesha kweli, kwa dakika chache, na chombo kilichotangulia kwa dakika chache na kosa usiku ule hakikupata faida ya maana.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni simu ya mwalimu, na hiyo haikuwa kwenye utaratibu wowote. Dawati lilibahatika kuwa na mtu anayekumbuka na anayejisikia huru kupiga. Tangu hapo mhariri humpigia yeye kabla ya kuchapisha madai ya kihistoria ya riadha. Si mfumo wa kutegemea milele, mwalimu ni mtu mzima, lakini kwa sasa unafanya kazi kuliko kutafuta "Edmonton" bila mwaka.

Kifungu kimoja cha mwongozo bado kina alama ya kuuliza. Septemba 2026, Budapest, shirikisho limepanga tukio jipya liitwalo "World Athletics Ultimate Championship", kwa umoja, ingawa lina fainali nyingi na washindi wengi. Hoja ya msanifu kuhusu "s" na idadi ya mataji imepigwa chini na waandaaji wenyewe. Jina la Kiswahili wamekubaliana kwa muda kuanza na "Mashindano", kama mengine. Ambacho hawajakubaliana ni jinsi ya kumtaja atakayeshinda: bingwa wa dunia, au bingwa wa mashindano hayo tu. Mwandishi mmoja anataka la kwanza, msanifu anataka la pili, na safari hii mimi niko upande wa msanifu.